Krismasi ya Austria: sikukuu inayongojwa nyuma ya mlango uliofungwa

Mleta uzi

Ndugu zangu, salamu za Majilio. Kila ifikapo Desemba ndugu na marafiki wa nyumbani Kilimanjaro huniomba niwasimulie Krismasi ya huku Austria, na kila mara picha waliyonayo ni ileile ya theluji, soko lenye taa nyingi na watu walioshika vikombe vya divai ya moto. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni picha ya barazani; anayeishia hapo hajaingia ndani. Nimeishi katika mkoa wa Salzburg kwa miaka 11, nikifanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na Krismasi ya nchi hii nimefundishwa na wazee hao, ambao wengi wao walizaliwa katika nyumba za wakulima milimani kabla televisheni haijafika huko. Kutokana na waliyonisimulia na niliyoyaona mwenyewe, naamini kwamba moyo wa Krismasi ya Austria ni kungoja, na kwamba mila zao nyingi, kubwa kwa ndogo, zinamfundisha mtu kungoja.

Nianze na jambo lililonikuta mwaka wa kwanza. Tarehe 24 Desemba, saa tisa alasiri, nilitoka kwenda kununua vitu vya sikukuu kama ambavyo ningefanya Moshi, ambako jioni hiyo maduka na stendi hufurika watu waliotoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Nilikuta mji mtupu. Maduka yote yalikuwa yamefungwa, basi lililopita halikuwa na abiria, na mtu pekee niliyekutana naye alikuwa mzee aliyebeba taa ndogo yenye mshumaa ndani, akitembea polepole asije akauzima. Nilidhani kumetokea msiba mkubwa. Baadaye nilielezwa kwamba kwa mujibu wa sheria maduka siku hiyo hufungwa saa nane mchana, na kwamba wauza miti ya Krismasi ni miongoni mwa wachache wanaoruhusiwa kuendelea hadi saa mbili usiku. Nchi yenye watu takriban milioni 9 huwa imeingia ndani na kufunga milango.

Kinachofanyika huko ndani ndicho nilichotaka kuwaeleza. Katika familia yenye watoto, chumba kimoja hufungwa tangu mchana, wakati mwingine tangu jana yake, na watoto hawaruhusiwi kuchungulia. Wanaambiwa kwamba humo ndani anafanya kazi Christkind, yaani Mtoto Yesu, ambaye ndiye anayeleta mti na zawadi. Mzee mwenye ndevu na koti jekundu wanamwona kwenye matangazo ya biashara, lakini katika nyumba nyingi hana kazi. Mama au baba hupamba mti kwa siri, huwasha mishumaa, na giza likishatanda kengele ndogo hupigwa. Hapo ndipo mlango unapofunguliwa, na watoto wanauona mti kwa mara ya kwanza ukiwa tayari unang'aa. Husomwa habari ya kuzaliwa kwa Yesu kutoka Injili ya Luka, sura ya pili, huimbwa wimbo, na baada ya hapo ndipo zawadi zinapoguswa. Bibi mmoja wa miaka zaidi ya 90 aliniambia kwamba zawadi zake za utotoni amezisahau karibu zote, lakini sauti ya ile kengele bado anaisikia.

Inafaa kujua kwamba huyu Christkind, ambaye leo Wakatoliki wa Austria wanamtetea kama urithi wao, chimbuko lake linahusishwa na Martin Luther. Katika karne ya 16 wafuasi wa matengenezo ya Kanisa hawakupenda heshima waliyopewa watakatifu, kwa hiyo badala ya Mtakatifu Nikolaus kuleta zawadi tarehe 6 Desemba, zawadi zikahamishiwa Krismasi na Kristo mwenyewe akawa mletaji. Karne kadhaa baadaye mambo yakageuka: maeneo mengi ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalimpokea mzee wa Krismasi, na Wakatoliki wa milimani wakabaki na Mtoto Yesu.

Kungoja kwenyewe huanza wiki nne kabla, Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwa shada la matawi mabichi lenye mishumaa minne inayowashwa mmoja baada ya mwingine kila Jumapili. Shada hilo nalo lilitoka kwa Waprotestanti: mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini mjini Hamburg, aliweka mishumaa kwenye gurudumu la mbao ili watoto waweze kuhesabu siku zilizobaki. Lilipoingia katika nyumba za Kikatoliki, mishumaa mingi ikachukua rangi za kanisani, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, ambao ni wa Jumapili ya tatu.

Mila ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, haina mwanga. Tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, watu hukata vijiti vya mti wa cheri, ambavyo kwa wakati huo ni vikavu kama kuni, na kuviweka ndani ya maji sebuleni. Vikitunzwa vizuri huchanua maua meupe sikukuu yenyewe, wakati nje kila kitu kimeganda. Kila mwaka wazee wetu huvikagua asubuhi kwa asubuhi kama mkulima anayekagua mbegu.

Aliye na swali aulize; nitajibu kadiri ninavyojua.

Msomaji aliyeko Mwanza

Dada, nashukuru kwa maelezo haya. Nimeona video za watu waliovaa ngozi na vinyago vyenye pembe wakipita barabarani huko Austria mwezi wa Desemba, na wachungaji wengine wamezisambaza wakisema kwamba ni ibada ya shetani inayofanyika waziwazi. Je, Kanisa la huko linakubali jambo hilo?

Mleta uzi

Ndugu yangu, uliyemwona anaitwa Krampus, na swali lako nililiuliza mimi pia, kwa hofu, nilipomwona kwa mara ya kwanza. Krampus hatembei peke yake. Jioni ya tarehe 5 Desemba, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Nikolaus, askofu huyo wa Myra hupita nyumba kwa nyumba akiwa na kofia ya kiaskofu, fimbo na kitabu, na Krampus humfuata kama mtumwa wake, mara nyingi akiwa na minyororo. Katika bonde la Gastein, ambako mila hii bado iko hai sana, kila kundi huwa na Nikolaus, malaika, mtu wa kubeba kikapu cha zawadi na Krampus kadhaa. Nikolaus huwauliza watoto kuhusu mwenendo wao, huwasifu, huwaonya, kisha huwapa njugu, machungwa madogo na tofaa. Krampus husimama mlangoni akitikisa kengele kubwa zilizofungwa kiunoni, lakini hawezi kufanya lolote bila ruhusa ya askofu. Kwa wazee wangu hilo ndilo somo lenyewe: uovu upo, unatisha, lakini umefungwa mnyororo na mtakatifu.

Vinyago huchongwa kwa mkono kutoka mti laini wa jamii ya msonobari unaoota juu milimani, hufungwa pembe halisi za mbuzi, na mavazi hushonwa kwa ngozi za mbuzi au kondoo. Kijana anayebeba mzigo huo usiku mzima lazima awe na nguvu za kweli. Wachongaji wanajulikana kwa mikono yao. Mtu mwenye ujuzi akikiona kinyago hutambua kimetoka bonde gani.

Yanayosambazwa kwenye video mara nyingi ni maandamano makubwa ya mjini, ambako watazamaji husimama nyuma ya vizuizi na wengine hulewa. Huko Nikolaus wakati mwingine hasahauliwi tu, bali hayupo kabisa, na mimi naona kwamba Krampus bila Nikolaus ni nusu ya hadithi, tena ni ile nusu mbaya. Wapo wazazi wasiotaka mtoto wao mdogo atishwe, na wanamwalika Nikolaus peke yake. Nadhani wana haki.

Pia tofautisha Krampus na Perchten, ingawa siku hizi hata wenyeji wengi huwachanganya. Perchten hutoka baadaye, katika usiku wa kati ya Krismasi na tarehe 6 Januari, na miongoni mwao wapo wabaya wenye sura za kutisha na wazuri wenye mapambo marefu kichwani. Kazi yao katika imani ya zamani ilikuwa kuufukuza mwaka wa zamani na baridi yake ili mashamba yapate baraka.

Msomaji aliyeko Tanga

Mimi ni Mwislamu, lakini nimeufuatilia uzi huu kwa makini kwa sababu mume wa dada yangu yuko Innsbruck, na ametusimulia kwamba wenyeji wake walipita na chetezo chumba kwa chumba wakifukiza. Sisi pwani tunafukiza ubani tangu enzi na enzi. Je, ni ubani huuhuu au ni kitu kingine?

Mleta uzi

Dada yangu, ni ubani huuhuu, na umenifurahisha kwa kuliuliza. Siku za kati ya Krismasi na sikukuu ya Mamajusi, tarehe 6 Januari, huitwa Rauhnächte, na katika baadhi ya usiku hizo, hasa tarehe 24 Desemba, tarehe 31 Desemba na tarehe 5 Januari, familia za wakulima huchukua makaa ya moto kutoka jikoni, huyaweka ndani ya sufuria ya chuma, huyatupia ubani, na baba wa nyumba hutangulia kupita kila chumba, kisha zizini kwa ng'ombe na hata ghalani. Wengine humfuata wakisali, na mmoja hunyunyiza maji ya baraka. Ubani wenyewe ni utomvu uleule unaotoka Dhofar kule Oman na Somalia, ambao umesafiri njia za biashara kwa miaka mingi kabla ya kufika kwenye vyetezo vya makanisa ya Ulaya. Wenyeji huuchanganya na utomvu wa miti yao na majani makavu yaliyobarikiwa kanisani tarehe 15 Agosti, sikukuu ya kupalizwa Bikira Maria.

Mara ya kwanza waliponikaribisha katika nyumba moja ya kijijini kwa ajili ya kufukiza, moshi ulipojaa kwenye ngazi nilijikuta nikimkumbuka jirani yetu mmoja wa Kiswahili aliyehamia Moshi kutoka Pangani. Sikujua kwamba harufu ya nyumba yake ningeikuta kwenye zizi la ng'ombe katika milima ya Alps.

Mchangiaji aliyeko Vienna

Naomba nitoe maoni tofauti kidogo. Mleta uzi ameeleza vizuri, lakini anaeleza Austria ya kijijini. Mimi nipo Vienna, na hapa masoko ya Krismasi hufunguliwa katikati ya Novemba, kabla hata Majilio hayajaanza, na huwa yamejaa watalii. Nadhani si haki kuyaita masoko hayo baraza tu, kwa kuwa nayo ni mila ya zamani mno: mwaka 1296 Albrecht I, mtawala wa Austria, aliwaruhusu wafanyabiashara wa Vienna kufanya soko la Desemba, na soko kubwa la sasa mbele ya jengo la halmashauri ya jiji limekuwapo hapo tangu mwaka 1975. Hata mti wa Krismasi wenyewe ulianzia mjini. Inaelezwa kwamba mojawapo ya miti ya kwanza mjini Vienna ilisimamishwa mwaka 1814 nyumbani kwa Fanny von Arnstein, mama wa Kiyahudi aliyezaliwa Berlin, na kwamba miaka miwili baadaye Henriette wa Nassau-Weilburg, mke wa mwanamfalme Karl na Mprotestanti kwa imani, aliuingiza katika familia ya kifalme. Wakulima wa milimani waliupokea baada ya hapo.

Kuhusu chakula, familia niliyooa huku hula samaki wa bwawani aitwaye Karpfen, aliyekaangwa kwa chembechembe za mkate, kwa sababu tarehe 24 zamani ilikuwa siku ya kufunga nyama. Bata bukini huliwa kesho yake.

Mleta uzi

Kaka, nimekubali sahihisho lako kuhusu umri wa masoko na kuhusu mti, na naongeza kwamba hilo linaimarisha hoja yangu kuliko kuidhoofisha. Tazama ni vitu vingapi tunavyoviita vya Austria tangu zamani ambavyo vililetwa na wageni: shada kutoka Hamburg, Christkind kutoka kwa Luther, mti kutoka kwa mama wa Kiyahudi wa Berlin. Wenyeji hawakuvikataa, bali waliviingiza ndani ya nyumba, wakavifungia mlango na kuvifanya vingojewe. Mti wa Vienna ulipofika kijijini ukawa mti usioonekana hadi kengele ilie.

Mahali tunapotofautiana ni kuhusu katikati ya Novemba. Ukinywa divai ya moto ya Krismasi wiki sita mfululizo, tarehe 24 inakukuta umeshiba. Wazee wangu husema jambo hilo kwa huzuni, na mimi niko upande wao. Biskuti za Krismasi kwao zilikuwa zikiokwa mapema Desemba, zile za lozi zenye umbo la mwezi mchanga zinazoitwa Vanillekipferl na nyinginezo nyingi, kisha zikafungiwa ndani ya makopo ya bati na kuwekwa juu ya kabati ambako mtoto hafiki. Mkate mzito wa pea zilizokaushwa, Kletzenbrot, uliokwa mapema pia, na katika nyumba nyingi haukukatwa hadi sikukuu ifike. Chakula cha jioni ya tarehe 24 kwenyewe katika mkoa wetu ni cha kawaida kabisa, supu ya tambi na soseji, au soseji za kukaanga na kabichi iliyochachushwa. Mgeni anayetarajia karamu hushangaa.

Kabla ya chakula hicho, jioni ikianza kuingia, familia huenda makaburini. Sijaona jambo hili katika picha yoyote ya watalii, nami nalihesabu kati ya mambo mazuri kuliko yote. Makaburi yaliyofunikwa na theluji huwa yamejaa mishumaa, na baadhi ya watu huweka mti mdogo wa Krismasi juu ya kaburi. Yule mzee niliyekutana naye mwaka wa kwanza, niliyemtaja mwanzoni, bila shaka alikuwa njiani kwenda huko au kurudi nyumbani, na mwanga aliobeba ni ule uitwao Mwanga wa Amani kutoka Bethlehemu. Tangu mwaka 1986, kwa mpango ulioanzishwa na kituo cha utangazaji cha taifa katika mkoa wa Upper Austria, mtoto huwasha moto katika pango la kuzaliwa kwa Yesu, moto huo husafirishwa kwa ndege ndani ya taa maalumu, na maskauti pamoja na wengine huusambaza. Siku ya tarehe 24 watu huenda na taa zao kanisani, kituo cha treni au kituo cha zimamoto kuuchukua.

Msomaji aliyeko Iringa

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimesikia kwamba wimbo tunaouita "Usiku Mtakatifu" ulitungwa huko Austria kwa sababu panya walitafuna kinanda cha kanisa usiku wa Krismasi. Naomba mleta uzi, kwa kuwa uko Salzburg, utueleze ukweli wake.

Mleta uzi

Mwalimu, umenigusa penye moyo wangu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

Maneno ya wimbo huo, ambao kwa Kijerumani huitwa "Stille Nacht", yaliandikwa mwaka 1816 na padre kijana aitwaye Joseph Mohr, alipokuwa akihudumu Mariapfarr, kijiji cha juu sana katika mkoa huu. Ni muhimu kumjua mtu huyu. Alizaliwa mjini Salzburg mwaka 1792 nje ya ndoa. Mama yake aliishi kwa kufuma, na baba yake alikuwa askari aliyetoroka jeshi. Baba yake wa ubatizo alikuwa mnyongaji wa mji, mtu ambaye jamii haikutaka hata kumshika mkono. Mtoto huyo alipata elimu kwa sababu padre mmoja wa kanisa kuu, Johann Nepomuk Hiernle, alisikia sauti yake na kumlea. Hata alipotaka kuwa padre ilibidi aombewe kibali maalumu kwa sababu ya kuzaliwa kwake.

Mwaka huo wa 1816 ulikuwa mgumu. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha karibuni na kuiacha nchi maskini; mlima Tambora ulikuwa umelipuka huko Indonesia mwaka uliotangulia, na majivu yake yakaharibu majira hata Ulaya ikakosa kiangazi na mavuno. Salzburg, iliyokuwa dola ya askofu mkuu kwa karne nyingi, ilikabidhiwa Austria mwaka huohuo. Mtu anayeandika kuhusu usiku wa utulivu katika mwaka kama huo hakuwa akieleza alichokiona dirishani, alikuwa akikiombea.

Mwaka uliofuata Mohr alihamishiwa Oberndorf, mji wa mabaharia wa mto Salzach waliosafirisha chumvi, ambao mpaka mpya ulikuwa umeutenga na mji wake mama wa Laufen ng'ambo ya mto. Huko alikutana na Franz Xaver Gruber, mwalimu wa kijiji cha jirani cha Arnsdorf aliyepiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Nikola. Tarehe 24 Desemba 1818 Mohr alimpa Gruber shairi lake na kumwomba alitungie sauti kwa ajili ya waimbaji wawili, kwaya na gitaa. Jioni hiyohiyo wakauimba, Mohr akipiga gitaa. Gitaa hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya Hallein, mji ambako Gruber alifanya kazi hadi kufa kwake mwaka 1863.

Kuhusu panya, Mwalimu, hiyo ni hadithi iliyoongezwa baadaye. Mwaka 1854 wanamuziki wa mfalme mjini Berlin waliuliza ni nani hasa aliyetunga wimbo huo, kwa kuwa wengi walidhani ni Michael Haydn, na Gruber akaandika maelezo yake kwa mkono. Katika maelezo hayo hamtaji panya. Nawaomba walimu wenzako wasiwafundishe watoto hadithi hiyo kama historia, kwa sababu ukweli wenyewe unatosha: padre aliyezaliwa katika aibu na mwalimu wa kijiji, usiku mmoja, kwa gitaa.

Wimbo ulitoka bondeni kwa mikono ya watu wa kawaida. Fundi wa vinanda Karl Mauracher aliuchukua hadi Tirol, na familia za waimbaji za huko, Strasser na Rainer, ambazo zilisafiri zikiuza bidhaa na kuimba, ziliupeleka Ujerumani na mbali zaidi. Akina Rainer waliuimba New York mwaka 1839. Mohr hakunufaika kwa lolote. Alikufa maskini Wagrain mwaka 1848, baada ya kuwajengea watoto wa maskini shule. Kanisa la Oberndorf liliharibiwa na mafuriko likabomolewa mwanzoni mwa karne ya 20, na kikanisa kidogo cha kumbukumbu kiliwekwa wakfu mahali pake mwaka 1937.

Jambo la mwisho ndilo linaloungana na nilichosema tangu mwanzo. Waustria wengi hawauimbi wimbo huu kabla ya jioni ya tarehe 24. Unaweza kuusikia kwenye maduka ya nchi nyingine tangu Novemba, lakini katika nchi iliyouzaa watu wengi huuona kuwa ni kosa kuuimba mapema. Mwaka wangu wa pili niliuanza jikoni kazini, tarehe 10 Desemba, nikiosha vyombo, na mzee mmoja aliweka mkono wake juu ya mkono wangu kwa upole na kusema, "Bado, mwanangu."

Msomaji aliyeko Kampala

Nimesoma kwamba baada ya Krismasi watoto wa Austria huvaa kama Mamajusi na kukusanya sadaka kwa ajili ya Afrika. Napenda kujua jambo hilo linafanyikaje, na kama ni kweli kwamba mtoto mmoja hupakwa rangi nyeusi.

Mleta uzi

Ndugu wa Kampala, unastahili jibu kamili, maana nchi yako imo katika mwanzo wa jambo hilo. Kuimba nyumba kwa nyumba wakati wa Mamajusi ni mila ya zamani, lakini mkusanyo wa sasa uliandaliwa na shirika la watoto Wakatoliki, Katholische Jungschar, katika majira ya baridi ya mwaka 1954 kuingia 1955, na fedha za kwanza zilinunua pikipiki kwa ajili ya kazi ya kimisionari nchini Uganda. Leo watoto wapatao 85,000 hushiriki kila mwaka. Huvaa majoho na taji, hubeba nyota juu ya fimbo, huimba mlangoni, na kuandika kwa chaki juu ya mlango mwaka pamoja na herufi C, M na B. Kwa mwaka 2026, kwa mfano, huandikwa 20*C+M+B*26. Wengi hudhani ni majina ya Mamajusi, Caspar, Melchior na Balthasar, lakini maana inayokubalika kanisani ni maneno ya Kilatini yanayomwomba Kristo aibariki nyumba hii. Chaki hiyo haifutwi hadi mwaka unaofuata.

Kuhusu rangi, ni kweli kwamba kwa miaka mingi mtoto mmoja alipakwa masizi au rangi nyeusi usoni, na sehemu nyingine bado hutokea. Waandaaji wenyewe sasa wanashauri jambo hilo liachwe. Mimi binafsi, watoto wa kijijini kwetu walipokuja kazini mmoja akiwa amepakwa, niliumia, na nilimweleza kiongozi wao hivyo bila ukali. Alisikiliza. Mwaka uliofuata walikuja na nyuso zao wenyewe, na mfalme mmoja alikuwa mtoto wa familia ya Kinigeria inayoishi jirani, aliyevaa taji la dhahabu na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Niongeze habari ya pango, ambayo nimechelewa kuitaja. Mwishoni mwa karne ya 18 Kaisari Joseph II alizuia mapango ya Noeli makanisani, akiyaona kuwa ya kitoto, na watu wakayahamishia nyumbani. Hadi leo huko Thaur, karibu na Innsbruck, unaweza kwenda nyumba kwa nyumba kutazama mapango ya familia, na anayelisifu pango hupewa kikombe kidogo cha pombe kali ya matunda. Katika mengi ya mapango hayo Bethlehemu imejengwa chini ya milima yenye theluji, na Yesu amezaliwa katika zizi la Tirol. Parokiani kwetu Kilimanjaro pango hufunikwa kwa majani ya migomba, na sijawahi kuona tofauti yoyote kati ya hayo mawili.

Msomaji aliyeko Tanga

Ahsante dada. Na wewe mwenyewe mwaka huu utakuwa wapi jioni hiyo?

Mleta uzi

Nitakuwa kazini, dada yangu. Zamu yangu ya tarehe 24 inaanza saa tisa alasiri. Mlango wa sebule kubwa tutaufunga kwa ufunguo mara baada ya chakula cha mchana, na wazee watakaa ukumbini wakijifanya hawajui kinachoendelea, ingawa wote wana miaka zaidi ya 80. Vijiti vya Barbara vimeanza kufura machipukizi. Kengele iko kwenye droo ya ofisini, imefungwa kwa kitambaa ili isilie kwa bahati mbaya, na mwaka huu nimeombwa niipige mimi.